Mkia Uliokatwa Jumatano

Jumapili, saa mbili kasorobo asubuhi, marehemu Kalmurat alianza kuimba.

Sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti juu ya nguzo, mbele ya posta ya shamba la ushirika la Tuyuk-Bel, kama ilivyokuwa ikitoka kila asubuhi tangu nyaya za redio zilipofika bondeni. Wanawake waliokuwa wakikaanga maandazi ya matanga kando ya barabara walisimamisha miiko. Mmoja alijitemea mate ndani ya ukosi, kujikinga. Mwili wa Mzee Kalmurat, Mshairi wa Taifa, ulikuwa umelazwa ndani ya hema la sufu hatua hamsini tu kutoka hapo, ukisubiri kuzikwa alasiri, na yeye mwenyewe huyo angani, anawapongeza wakata majani kwa kuvuka lengo.

Mpelelezi Turdakun Shaimbetov alisukuma mlango wa posta.

"Dada Burulcha, zima hicho kitu."

"Nizime kwa amri ya nani?" Burulcha, mkuu wa posta, ambaye pia ndiye tarishi wa farasi na ndiye mpokeaji simu, hakuinua kichwa kutoka kwenye mihuri yake. "Nimepiga simu mjini mara tatu. Wanasema sauti ya Mshairi wa Taifa haizimwi kwa mdomo, inataka barua. Na barua ya mjini unaijua mwendo wake. Mzee ataimba mpaka arobaini yake ipite."

"Watu wanaogopa."

"Na mimi je, unadhani nimefurahi? Jana jioni nimechomoa waya, nikaurudisha. Nilihisi kama namkaba koo."

Turdakun alitazama saa ya ukutani. Zilibaki saa nne. Saa sita mchana Meja Kuleshin, aliyeletwa kutoka mji mkuu, angempakia mtuhumiwa kwenye lori, na lori likishavuka mlima, basi. Kesi ya mtu aliyemuua Mshairi wa Taifa wiki ya sikukuu ya jamhuri haikuwa kesi ya kusikilizwa. Ilikuwa ya kusomewa hukumu.

Mtuhumiwa mwenyewe, Esenbai, mchunga kondoo, alikuwa amefungiwa stoo ya mbolea nyuma ya posta. Turdakun alimkuta amekaa juu ya gunia, viganja vimelala magotini. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mabega kama mlango.

"Tuanze upya," Turdakun alisema. "Alhamisi ulikwenda kwa mzee, kule juu kwenye kambi ya malisho ya kiangazi. Kufanya nini?"

"Nimeshasema mara tano, kaka. Aliniita."

"Mzee Kalmurat alikuita wewe?"

"Alinitumia salamu Jumatatu. Njoo, nina neno na wewe. Nilikuwa kwenye kazi ya kunyoa kondoo Ak-Moinok, watu arobaini wananiona, tangu Jumatatu hadi Jumatano usiku. Alhamisi nikapanda."

"Ukamkuta?"

"Nikamkuta karani wake, Saparali, amesimama mlangoni. Mzee amelala, anasema. Saa tisa mchana! Nikasubiri. Bado amelala. Ndipo nikapandwa na hasira, nikapiga kelele. Hilo sikatai."

"Ulisema nini?"

Esenbai aligeuza uso. "Nilisema, akiamka amwimbie baba yangu tena. Na safari hii aimbe kaburi lake liko wapi."

Habari hiyo haikuhitaji kuelezwa bondeni. Mwaka wa thelathini na saba gazeti la wilaya lilichapa shairi la Kalmurat kuhusu fisi aliyejificha kwenye zizi la ushirika, na fisi alitajwa kwa jina. Wiki moja baadaye baba yake Esenbai alichukuliwa akiwa anakamua farasi jike. Hakurudi, wala maiti yake haikurudi. Adui wa umma hawekewi hema la msiba, hata ndugu hawakuthubutu kulia. Mtoto wake alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Watu wa mahema ya jirani walikusikia," Turdakun alisema. "Ijumaa asubuhi Saparali anapiga mbiu kwamba mzee ameonekana kwenye korongo, kichwa kimepasuka. Daktari anasema amekufa usiku wa Alhamisi, mwili bado haujaharibika. Mjeledi wako umeokotwa mlangoni pake. Wewe ungekuwa mimi, ungemkamata nani?"

"Mimi," Esenbai alisema. "Ila sikumuua. Nilimchukia miaka ishirini na tisa, ningeweza kusubiri mingine miwili mitatu afe mwenyewe."

Turdakun alicheka kidogo bila kutaka, akafunga daftari.

Kwenye hema la msiba Aimkan, mjane, alikuwa amekaa ameelekea ukuta, kitambaa cheusi kichwani, ameshika kiuno kama ilivyo ada, akimlilia mumewe kwa beti zake mwenyewe. Kila kundi jipya la waombolezaji lilipoingia, alianza ubeti mwingine. Sauti ilikuwa imemkauka. Turdakun alisubiri mpaka wageni watoke, akachuchumaa nyuma yake.

"Mama, nisamehe. Swali moja mbili tu."

"Uliza, mwanangu. Mimi sina pa kwenda."

"Wiki nzima hukuwa kambini."

"Nilikuwa huku chini kwa mjukuu mchanga, kwenye sherehe ya kumlaza kitandani mara ya kwanza. Mume wangu alibaki na Saparali. Miaka thelathini na moja hawa wawili, kama jembe na mpini. Ijumaa wananiita, nafika, nakuta nyumba imekufa." Alivuta pumzi. "Na siagi yangu, matumbo matano ya kondoo niliyoyajaza siagi nikayafukia kwenye theluji ya korongoni yakae mpaka vuli, nayakuta juani yameyeyuka, nzi wamejaa. Utaniona mpumbavu, nimefiwa nasema siagi."

"Sikuoni mpumbavu. Nani aliitoa?"

"Nijue wapi? Saparali anasema hajui. Mwanamume hajui siagi inakaa wapi, ila kinywani."

Turdakun aliandika neno moja. Jumamosi, alipopanda kambini, alikuwa ameliona shimo lile kwenye theluji, refu kuliko haja ya matumbo matano ya kondoo. Alidhani ni mbwa wamechimba.

Nje, nyuma ya hema, farasi wa marehemu alifungwa peke yake, tandiko limegeuzwa mbele nyuma. Alikuwa farasi wa kijivu, mzee, na mkia wake ulikatwa sawasawa kwenye kifundo. Farasi aliyefiwa na bwana wake hukatwa mkia, na hapandwi tena na mtu mpaka siku ya kumbukumbu atakapochinjwa. Kila mwombolezaji alimpita farasi huyo, akamwonea huruma, akaendelea. Turdakun naye alikuwa amempita mara nne tangu Ijumaa.

Safari ya tano alisimama.

Aliushika mkia. Nywele pale zilipokatwa hazikuwa na makali tena. Ncha zilikuwa zimechakaa, zimeshikana matope ya njano ya kule juu kambini, matope ambayo huku bondeni hayapo. Alirudi kwa mjane.

"Mama, nani amemkata farasi mkia?"

"Shemeji zangu, nadhani. Nilipofika Ijumaa alikuwa tayari."

Shemeji wawili walikuwa wanapasua kuni. Mmoja alisema ni mwenzake. Mwenzake alisema ni watu wa kambini. Wote wawili waliona aibu kwamba hawakuwa wao.

Turdakun alikwenda posta kwa hatua za haraka. Kwenye nguzo Mzee Kalmurat alikuwa amefika kwenye wimbo wa reli.

"Dada Burulcha. Wiki hii ulipanda kambini lini?"

"Jumatano na magazeti, Alhamisi kuchukua shairi la sikukuu. Saparali alinipa bahasha, shairi limeandikwa kwa mkono wake, dole gumba la mzee chini. Kama siku zote. Mzee hajui kusoma, anaweka dole."

"Mzee mwenyewe ulimwona?"

"Amelala."

"Na Jumatano?"

"Amelala." Burulcha aliweka muhuri chini. "Mzee wa miaka sabini na tisa, kaka, mimi nimwamshe?"

"Farasi wake ulimwona?"

"Yule wa kijivu? Si nilimcheka! Nikamwambia Saparali, nani amemnyoa huyu maskini, anaonekana kama mbuzi. Akasema mkia umejaa miiba ya porini, imebidi..." Uso wake, ambao kwa kawaida haukosi utani, ulibadilika polepole. "Ee Mungu wangu."

"Siku gani, Burulcha?"

"Jumatano. Jumatano asubuhi. Na mimi nimesimama pale nacheka!" Alifunika mdomo. "Na Alhamisi nimebeba dole la..."

"Utasema hayo mbele ya Meja?"

Burulcha alisukuma mihuri yake kando. Alikuwa na wana wawili jeshini na kazi ya serikali. "Mimi si shujaa," alisema. "Ila kama nitanyamaza, huyu juu ya nguzo hatanyamaza. Nitasema."

Saparali alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha posta, ambacho Meja alikuwa amemtafutia ili afanye kazi kwa utulivu. Mtu mwembamba, miwani, koti limefungwa vifungo vyote katika joto la mwezi wa saba. Mbele yake palikuwa na karatasi iliyojaa mistari.

"Maombolezo rasmi," alisema kabla hajaulizwa. "Yasomwe kaburini saa tisa. Wizara inataka beti nane, nimefika ya sita."

"Yatasomwa kwa jina la nani?"

"Mshairi wa Taifa mpya. Bado hajateuliwa. Wamesema niache nafasi."

Kweli, juu ya karatasi palikuwa na mstari mtupu. Turdakun alivuta kiti.

"Saparali, nikuulize jambo moja, sina haja ya mengi. Kwa nini ulimkata farasi mkia?"

Kalamu ilisimama.

"Baada ya kifo hukatwa," Saparali alisema. "Ni desturi. Hata watu wa chama tunakata."

"Ndiyo, baada ya kifo. Burulcha alimwona Jumatano asubuhi, mkia hauna. Mzee kwa maelezo yako amekufa usiku wa Alhamisi. Farasi gani anafiwa siku mbili kabla?"

"Ilikuwa miiba."

"Miiba inachambuliwa kwa kidole. Na siagi ya mama Aimkan, nayo ilikuwa na miiba? Mimi nitakwambia nilivyoona. Mtu amelazwa kwenye theluji mahali pa siagi, tangu Jumanne mpaka alfajiri ya Ijumaa, daktari akaja akasema mwili bado mbichi. Kwa hiyo Alhamisi Esenbai alikuwa anamfokea mtu aliyekwisha kufa. Jumanne aliyokufa, Esenbai yuko Ak-Moinok mbele ya watu arobaini, mkasi mkononi."

Saparali alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nje wimbo ulikwisha, mtangazaji akasema jina la mshairi, na wimbo mwingine ukaanza. Sauti ile ya kizee iliingia kwa dirisha, ikajaa chumba kizima. Saparali aliinamisha kichwa kama mtu anayeitwa na mkubwa wake.

"Hilo ni langu," alisema. "Hilo analoimba. Nililiandika nikiwa na homa. Yote ni yangu, Ndugu Mpelelezi. Yeye aliimba vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, lakini ya serikali hakuyaweza. Walipompa cheo alilia. Akasema, mimi najua kuimba farasi na wafu, kiwanda nitakiimbaje? Ndipo wakanituma mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu."

"Jumanne kilitokea nini?"

"Alikataa kuweka dole." Aliongea taratibu, kama anayeandikisha. "Shairi la sikukuu lilikuwa tayari. Akasema, miaka yote nimekuwekea dole bila kuuliza, leo niambie kwanza: lile la fisi, uliandika jina la mtu yule kwa nini? Nikamwambia nilipewa orodha. Nikamwambia kama si jina lile lingekuwa letu. Akasema, basi nimemwita mwanawe, na asipokuja nakwenda mimi, nimpigie magoti. Akapanda farasi. Mzee wa miaka sabini na tisa! Nikashika hatamu. Angekwenda kusema mbele ya watu, wiki ya sikukuu. Wangemla mzimamzima, na mimi na mama Aimkan. Nikavuta. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma."

Saparali alikunja karatasi ya maombolezo.

"Alianguka kwenye jiwe. Hakusema kitu. Nilimshika mkono, nikakaa naye, sijui muda gani. Halafu nikakumbuka shairi." Alitazama vidole vyake vya mkono wa kulia. "Nilimpaka wino. Dole lilikuwa baridi, wino haukushika, ikabidi nibonyeze mara tatu. Tangu siku hiyo nikiosha mikono nahisi lile dole bado limo mkononi mwangu. Usiku anakuja ananiuliza, Saparali, leo nimesema nini?"

"Ungeuacha mkia wa farasi," Turdakun alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mpelelezi. "Nisingekupata. Mtu mwenye akili kama wewe, umeficha mwili, umeficha siku, halafu unachukua kisu unakata mkia!"

"Mzee hakuwa na mtoto wa kiume," Saparali alisema. "Angekatiwa na nani?"

Ilikuwa saa tano na robo. Turdakun alichukua karatasi safi, akachovya kalamu, akamwambia aseme upya tangu mwanzo. Saparali alisema, Turdakun akaandika. Mahali pamoja Saparali alimsimamisha, akamwomba afute neno "ajali". "Nilivuta hatamu kwa nguvu," alisema. "Andika hivyo." Walipofika mwisho Turdakun aligeuza karatasi na kumpa kalamu. Saparali aliishika muda mrefu juu ya karatasi. Katika maandishi yake yote, mashairi elfu na zaidi, hakuwahi kutia jina lake chini ya hata moja. Alitia saini kama mtoto wa shule, herufi moja moja.

Turdakun aliipeleka karatasi kwa Burulcha, akamwambia neno sikioni, akatoka nje kumkabili Meja.

Lori lilikuwa linanguruma tayari. Meja Kuleshin alisikiliza yote akiwa ameegemea mlango wa dereva, mikono kifuani, bila kukatiza.

"Kazi nzuri," alisema. "Sasa ichane. Shairi la sikukuu limesomwa Jumamosi mbele ya uongozi wote wa jamhuri. Watu walisimama."

"Nami nilisimama, hapa chini ya kipaza sauti, Ndugu Meja. Nilipiga makofi."

"Basi unanielewa. Maiti haiwezi kuipongeza jamhuri. Mzee alikufa Alhamisi, gazeti limeandika Alhamisi. Mchunga kondoo anapanda lori."

"Haiwezekani tena."

"Nini hakiwezekani?"

Burulcha alikuwa amesimama mlangoni pa posta, amejifuta machozi vibaya, wino umemganda shavuni. "Nimeshaituma," alisema. "Simu ya maandishi, kwa mwendesha mashtaka mkuu, neno kwa neno, na ushahidi wangu chini yake. Imepewa namba na kule wamejibu imepokelewa. Mia nne na kumi na mbili. Ukitaka nitakuandikia, Ndugu Meja."

Meja alimtazama, kisha akamtazama Turdakun. Alikuwa mtu wa ofisi. Kitu chenye namba alikiogopa kuliko mzimu. Alizima lori mwenyewe.

"Wewe," alimwambia Turdakun kwa upole mbaya, "utamaliza utumishi wako ukihesabu ng'ombe walioibwa."

"Ng'ombe hawaandiki mashairi," Turdakun alijibu, akaenda kufungua stoo.

Esenbai alitoka akikunja macho kwa jua. Askari wawili walikuwa wanamleta Saparali kwenye lori, na karani na mchungaji wakakutana katikati ya uwanja. Turdakun alikuwa amekwisha kumweleza mchungaji kwa maneno machache: Jumanne, hatamu, theluji. La fisi hakulisema. Hakuona kama ni kazi yake.

Lakini Saparali alisimama.

"Alikuita ili akuombe msamaha," alisema. "Nataka ujue. Na hakuwa na la kuombea. Lile shairi ni mimi."

"Shairi gani?" Esenbai aliuliza, ingawa alijua.

"La baba yako. Kila neno. Yeye aliwekewa karatasi, akaweka dole. Alijua lilisema nini siku ile ile uliyojua wewe."

Askari walijisogeza. Turdakun aliweka mkono kwenye bastola yake. Mchungaji yule angeweza kumvunja karani kama kijiti, na pengine uwanja mzima ulikuwa unamsubiri afanye hivyo. Hakumgusa.

"Nimemtukana maiti," alisema mwishowe. "Miaka ishirini na tisa namlaani mtu ambaye..."

Aligeuka, akaanza kutembea kuelekea hema la msiba, kwanza polepole, kisha mbio. Hatua ishirini kutoka mlangoni aliinama, akajishika kiuno kwa mikono miwili kama wanaume wa huku wanavyofika msibani, akapaza kilio wanachopaza: "Ee baba yangu! Baba yangu mpenzi, uko wapi nisikuone tena!"

Kila mwanamume aliyefika tangu Ijumaa alikuwa amekilia kilio hicho, kwa adabu, mara mbili tatu, kisha akanawa mikono na kula. Esenbai hakunyamaza. Alilia akiwa ameinama mpaka akaangukia nyasi, na bado analia baba yangu, baba yangu, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mzima bali ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Ndani ya hema Aimkan alimsikia, akaanza ubeti mpya wa kumwitikia.

Wanaume waliokuwa mlangoni walishuka, wakamshika kwapa huku na huku, wakalia pamoja naye. Hakuna aliyemwuliza analia baba yupi.